Maua Tuliyopanda Chini ya Waya wa Simu, Hewani

Mgeni rasmi, Bwana Mkubwa wa njia ya simu, na askari mlioongozana naye: amani ya Mungu iwe nanyi tangu mlipovuka mto.

KARIBU
Sisi wanawake wa kijiji cha Hewani tunashukuru umefika salama. Ndizi zipo, samaki yupo. Asali hatuna ya kukupa, na sababu utaisikia. Ninayesoma ni Mwanatumu, bibi yake Godhana, yule mjukuu wangu ambaye askari wa simu walimpeleka gerezani Kipini.

TULIKOTOKA
Kitendawili, Bwana. Nyumba ina wanawake elfu, haina jiko wala moto, na wote wanashiba. Ni mzinga. Kwetu mzinga ni gogo, na mwenyewe huchonga alama yake juu yake. Penye alama ya mtu, mwingine hafungui. Pasipo na alama, ni pa aliyepakuta kwanza.

Mafundi walipopitisha simu walifyeka msitu. Maua yakaisha, nyuki wakahama. Baadaye nguzo zikaanza kuvuma. Godhana ndiye mrina asali wetu. Aliweka sikio kwenye nguzo ya kona ya mto, akaniambia, "Bibi, wamo humu. Wote." Akaizunguka, hakuona alama. Basi akachonga yake, akawasha mwenge wa moshi, akatoboa mlango kwa shoka. Ndani mlikuwa na mti mtupu, nyuki hakuna. Askari walioona moshi walimkuta bado ameegemeza sikio, anawaimbia wimbo wa kuwatuliza nyuki.

TULIYOYAFANYA
Tulisema nyuki wakirudi hakuna atakayekosea tena. Tukapanda kivumbasi na maua mengine ya msitu wetu, yale mafupi, yasije yakagusa waya. Wario, mfugaji anayepitisha ng'ombe hapa, alitucheka: "Enyi mama, mwaufanyia waya harusi?" Mwenzetu Mumina akamjibu, "Bwana harusi mwenyewe mrefu hivyo na hasemi. Angalau tumpambe."

Msimu huu nyuki wamerudi. Hilo tunajivunia.

YANAYOTUTATIZA
Penye nguzo ya kona hawakutua. Walifika ukingoni mwa maua, wakageuka. Nguzo ile ilivuma hata siku isiyo na upepo, na ilivuma wimbo wa Godhana. Usidhani ni masikio ya bibi yake. Wario hajui nyimbo zetu, lakini alikuja akiupiga mluzi. Tulipomwuliza kaupata wapi, alisema, "Nimeuokota pale njiani." Siku hizi ng'ombe wake wanakataa kupita pale, naye hapigi tena mluzi.

Sisi hatukuogopa, Bwana. Waya unakwenda Kipini, naye yuko Kipini. Tulienda kwa zamu kumsikiliza, tukamjibu kwa kubisha nguzo, polepole, tusiiharibu.

Ijumaa iliyopita wimbo ulikatika. Nguzo nyingine zote zinavuma, ile imenyamaza. Na nyuki wametua juu ya alama ya Godhana. Wameifunika yote. Hawaingii tunduni, hawaendi mauani, hawaruki hata ukiwakaribia.

MAOMBI
Tunaomba wafyekaji wako wasubiri maua yadondoshe mbegu.

Tunaomba kila nguzo ichongwe alama ya Serikali, ili mrina asali ajue si yake.

Hatujaja kubishana juu ya kosa la Godhana. Nguzo tutakupa nyingine, miti tumeshaichagua. Lakini tulipomwuliza askari wako asubuhi hii kama kijana hajambo, alitazama chini akaanza kukaza kamba ya kiatu. Nasi wazee tunajua viatu vinavyokazwa hivyo.

Kwa hiyo, Bwana Mkubwa, nikimaliza kusoma usitupigie makofi. Sema neno moja, yu hai au la. Kama la, utuambie mmemlaza wapi, tukamfunike vizuri na tumpandie maua.

Mungu akulinde njiani, akurudishe kwa wanao, na wao wakutambue sauti.

Ni sisi,
Wanawake Wapanda Maua wa Hewani