Mfuko wa Shati la Mutisya

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu. Mwenye sufuria motoni aiepue kwanza, maana ya leo si ya kusikilizwa nusunusu. Leo tunamkumbuka Nthenya, mke wa Mutisya, mama Kalekye, mkaazi wa Baba Dogo hapa Nairobi. Amezikwa juma lililopita kwao Kangundo.

Nthenya alikuwa karani katika kampuni ya kusafirisha mizigo, pale pale Baba Dogo. Kazi yake ilikuwa kuandaa hati za shehena za hatari. Asidi, gesi, dawa za kuua wadudu, vitu ambavyo mimi na wewe tungevikimbia. Hakuna lori la mzigo kama huo lililotoka getini bila hati yake. Nasema tena, hakuna.

Hati ilieleza mzigo ni nini, unakwenda wapi, na ukimwagika ufanywe nini. Kampuni ilitaka Kiingereza. Nthenya alichapa Kiingereza, kisha chini yake akachapa Kiswahili kwa herufi kubwa. Bosi wake, Bwana Lusweti, akamuuliza mbona anamaliza wino bure. Akamjibu, "Bwana, lori likianguka, wa kwanza kufika ni wananchi. Wazimamoto huja baadaye." Lusweti akamwacha achape.

Sasa, mumewe Mutisya alikuwa dereva wa kampuni hiyo hiyo. Safari moja upepo ulipeperusha hati ikatoka dirishani, na polisi wakamlaza ndani kwa kukosa karatasi. Tangu hapo Nthenya hakukubali hati ikae kwenye gari. Aliikunja mwenyewe, akaitia katika mfuko wa shati la mumewe, akafunga kifungo kwa mkono wake. Kila safari. Makarani wenzake walimcheka: "Mama Kalekye, huyo ni mume ama ni sanduku la posta?" Naye akawaambia, "Wacheni wivu!" Mapenzi hayo, jamani. Mimi siwezi kuyaita jina lingine.

Ikafika Aprili, mwaka wa sabini na nane. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, barabara inateleza. Mutisya alipakiwa mapipa ya kabaidi, yale mawe ya kijivu ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Kabaidi haitaki maji. Ikiguswa na maji hutoa gesi, na gesi hiyo ikikutana na moto hulipuka. Nthenya alikuwa ameiandika vizuri kabisa: MAJI HAPANA. TUMIA MCHANGA MKAVU. Akaikunja. Akaitia mfukoni. Akafunga kifungo.

Lori liliteleza likapinduka karibu na Kiamaiko, wanakouza mbuzi. Mutisya aligonga kichwa akazirai. Msamaria mmoja akampakia kwenye pikapu, mbio hospitali. Na hati? Hati ilikwenda naye, mfukoni mwa shati.

Huku nyuma injini ikaanza kufuka moshi. Pipa moja lilikuwa limepasuka. Watu wa Kiamaiko si watu wa kusimama wakitazama. Walikuja, na mbele yao alikuwa Wehliye, muuza mbuzi, mtu wa Majengo, ambaye Nthenya mwenyewe alinunua nyama kwake. Wehliye alifungua mlango wa lori. Akatafuta kitini, akatafuta chini ya kiti. Waliokuwapo wanasema alipaza sauti, "Karatasi iko wapi? Hawa wamebeba nini?" Hakuna aliyejua. Akachukua ndoo ya maji ya mbuzi.

Siendelei hapo, wasikilizaji wapendwa. Mmeelewa. Wehliye alifariki siku hiyo hiyo.

Mutisya alipona. Nthenya alipofika wodini, muuguzi alimkabidhi shati la mumewe lenye damu. Kifungo kilikuwa bado kimefungwa. Ndani, hati. Binti yao Kalekye aliniambia, "Mama aliketi sakafuni. Hakulia. Aliisoma ile karatasi kwa sauti, kama anamsomea mtu aliye mbali."

Watu walimfariji kama tunavyofariji sisi sote: ajali haina kinga. Nthenya hakuukubali msemo huo. Alisema, "Hii ilikuwa na kinga. Niliichapa mimi. Na mimi ndiye niliyeificha."

Akashika njia hadi Majengo, kwa Sahro, mjane wa Wehliye, aliyekuwa bado katika eda. Akamweleza yote, hakubakisha. Sahro akamjibu neno moja tu: "Mume wangu alijua kusoma, mama Kalekye. Angesoma."

Ole wake! Neno hilo alilibeba mpaka kaburini. Alimsumbua Bwana Lusweti hadi kila lori likachomelewa kisanduku chekundu nje ya mlango, na hati zikakaa humo. Kabla lori halijatoka, yeye mwenyewe alikwenda getini, akafungua kisanduku, akatazama. Madereva walimnung'unikia. Aliwaambia, "Karatasi ni ya gari, si ya dereva." Na nyumbani alichukua sindano na uzi mweusi, akaishona midomo ya mifuko yote ya mashati ya mumewe, isiingie kitu tena. Yote. Shati jipya likinunuliwa, kabla halijavaliwa, linashonwa mdomo wa mfuko.

Kila Idi alipeleka sukari Majengo. Kila Idi, hadi mwaka huu wa themanini na sita, figo zilipomshinda. Nilimtembelea mama Sahro juzi. Alilia, akasema, "Nilipokea sukari yake. Nilimpa chai. Nilikuwa nimeshamsamehe zamani, wallahi. Lakini sikutamka. Nilidhani anajua."

Hakujua, wasikilizaji wapendwa. Kalekye anasema kitandani, homa imempanda, mama yake alikuwa akiuliza, "Baba Kalekye, karatasi umeacha wapi?" Na Mutisya anamjibu, "Iko kwenye gari, mama Kalekye. Iko kwenye gari. Lala."

Mzee Mutisya, Kalekye, poleni sana. Mama Sahro, nawe pole, kwa msiba wa zamani na kwa huu mpya. Mungu awape nguvu. Nawe unayenisikiliza, kama kuna mtu umeshamsamehe moyoni, nenda ukamwambie. Nenda leo. Usidhani anajua.

Mzee Mutisya alifika hapa studioni asubuhi, amevaa shati jeupe. Alikuja na picha ya mkewe, ndogo, ya kitambulisho. Alipoaga nilimwambia, "Mzee, itie mfukoni, itakupotea njiani." Akainamisha macho kifuani, pale palipo na uzi mweusi. "Mfuko aliushona yeye," akaniambia. "Sitaufumua." Akaondoka na picha ameishika mkononi.