Donatus Mayala, Fundi Aliyeyasikia Matimba

Mzee Donatus Mayala alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 karibu na Mwadui, mtoto wa kwanza. Wa pili ni Stanslaus, aliyemzidi sura na akili. Anayebisha asubiri kwanza tumalize kuzika.

Shule aliishia darasa la nne, mwaka 1969. Alidai mwalimu alikuwa anamchelewesha.

Kuanzia 1982 alikuwa fundi matimba kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ya Nyarugusu, Geita, akiegemeza magogo ili udongo usiwafunike wachimbaji. Miaka ishirini na sita, hakufukiwa hata mmoja. "Timba huongea kabla ya kuanguka," aliwaambia. "Likiongea, usiulize limesema nini. Toka!"

Mwaka 1986 alimuoa Limi. Siku ya kupeleka ng'ombe wa mahari aligonga nguzo ya nyumba ya mkwewe, akasema, "Baba, hii imeliwa na mchwa." Wakwe wakanuna. Masika nyumba ikalala chini. Tangu hapo hakuna aliyembishia tena, na hilo ndilo lililotuponza.

Tarehe 9 Februari mwaka huu aliteleza bafuni kwake, mtaa wa Kambarage, akavunjika nyonga. Daktari Zuhra alimwonyesha vyuma viwili vya kuunga mfupa, achague.

"Babu, ufa wako umeshuka hadi kwenye paja. Bamba hili la pembeni, skrubu zake zinaweza kung'oka. Afadhali fimbo hii, inapita ndani ya mfupa."

"Mwanangu, gogo huegemezwa ukutani, mahali unapoliona. Nani hulipigilia katikati ya mwamba?"

"Hakuna!" Stanslaus akadakia, kwa sauti kuliko wote. Likawekwa bamba.

Mwanzoni mwa Aprili, akitembelea mkongojo, kitu kikaanza kulia: kri, kri.

"Baba Vumilia, mlango gani huo?" Limi aliuliza.

"Ni mimi."

"Twende kwa daktari."

"Atanirudisha kitandani. Nimfikishe kwanza Vumilia altareni."

Jumamosi, tarehe 26 Aprili, alimfikisha binti yake wa mwisho altareni kwa miguu yake mwenyewe. Akigeuka kurudi kwenye benchi, skrubu ziling'oka. Waliokaa mbele walisikia. Alipasuliwa mara ya pili, damu iliyoganda ikapanda mapafuni, akafariki Ijumaa tarehe 2 Mei 2025.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, na mdogo wake Stanslaus, aliyedakia siku ile na leo ndiye anayewasomea haya. Wenzake wote aliwatoa shimoni. Timba lake lilipoongea, yeye alibaki. Apumzike kwa amani, mahali pasipohitaji kuegemezwa.