Pankrasi Ngonyani, Aliyesimama Mbele ya Lori Bombambili

Marehemu Pankrasi Ngonyani alizaliwa Maposeni tarehe 9 Mei 1966, mtoto wa kwanza wa mzee Remmy na mama Ida. Alimaliza darasa la saba kijijini mwaka 1981, kisha akajifunza udereva. Baadaye alimfundisha mdogo wake, Damiani, kwa lori la tumbaku huko Namtumbo. Damiani alipobomoa banda la kuku la watu, Pankrasi ndiye aliyeshuka kuomba radhi, kana kwamba usukani ulikuwa mikononi mwake.

Tarehe 12 Septemba 1992 alifunga ndoa na Beata Komba, wakajenga nyumba Bombambili, hapa Songea.

Mwaka 2013 aliajiriwa na kampuni ya meli iliyokuwa ikipeleka makaa ya mawe bandarini Mtwara. Akawa msimamizi wa malori hapa Songea, na Damiani akapata udereva humo humo. Marehemu aliipenda kazi ile. “Meli zenyewe hatujawahi kuziona,” alizoea kusema, “lakini ndizo zinazotusomeshea watoto.”

Agosti 2022 lori moja la kampuni lilimgonga mama Kunegunda, jirani wa marehemu, akiuza maandazi kando ya barabara hapo Bombambili. Alivunjika mguu. Kesho yake majirani walifunga njia kwa mawe na magogo. Ofisi ikapiga simu: meli inasubiri, malori yapite. Madereva walibishana. Wengine walisema makaa yakikwama, mji mzima utalala njaa. Wengine walishuka kwenye malori, kwa kuwa ndugu zao walikuwa upande wa pili wa mawe.

Lori la mbele lilikuwa la Damiani. Aliwasha injini. Pankrasi akaenda kusimama mbele yake.

“Kaka, toka! Nitafukuzwa kazi. Mimi nina watoto.”

“Na hawa waliosimama hapa ni watoto wa nani?”

Lori lilisogea hadi likagusa kifua chake. Hakurudi nyuma. Mama mmoja alipiga yowe. Ndipo Damiani akazima injini, akashuka, akaondoka bila kumtazama.

Kampuni ilikubali kumtibu mama Kunegunda, na kuweka watu wa kuongoza magari pale. Pankrasi aliachishwa kazi mwezi uliofuata. Damiani hakukanyaga kwake kwa miaka miwili.

Mwaka 2024 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Damiani alikuja bila kuitwa, akambeba mgongoni hadi kwenye gari, na tangu hapo ndiye aliyempeleka hospitali. Siku za mwisho marehemu alimuuliza, “Malori bado yanapita kwetu?”

“Yanapita, kaka. Tunapita taratibu.”

“Basi vizuri.”

Aliaga dunia alfajiri ya tarehe 18 Februari 2025, Damiani akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Beata, watoto watatu, Walburga, Cornel na Dorine, wajukuu wanne, na mdogo wake Damiani, ambaye ameomba alichimbe kaburi hili kwa mikono yake, na amelichimba.

Mwenyezi Mungu ampokee na kumpa pumziko la amani. Amina.