Majani Yaliyobeba Mukuba wa Panda

Citoyen Mkuu wa Kambi, Baba Padri, Mama Clémentine tunayemuaga leo anapostaafu kazi ya shamba, na watoto wake, wakaaji wa Panda, na wageni wetu mliotoka Kakanda: mimi mwalimu wenu nawasalimu kila mmoja kwa nafasi yake.

Wengi wetu tunakosea jambo moja. Tunadhani mmea ukishanyonya sumu ya udongo, sumu imekwisha. Haikwisha, imehamia kwenye jani.

Wazee wetu walilijua ua dogo la zambarau linaloota palipo na mukuba, yaani shaba, na watafuta madini wakalifuata. Baadaye wataalamu walichoma majani ya mimea ya namna hiyo, wakapima majivu, wakakuta madini ndani. Siku hizi, nchi za mbali, wako wanaojiuliza: kwa nini mimea hiyo isitumwe kusafisha udongo?

Mama Clémentine alijiuliza hivyo mwaka 1977, bila kitabu. Shamba lake chini ya kiwanda cha shaba lilikataa lengalenga, mchicha wetu, likakubali ua lile tu. Akaambiwa na uongozi wa kambi kwamba mboga zisipofaa kuliwa, shamba litafungwa. Naye alikuwa mjane mwenye watoto watano. Basi akaliotesha ua kila mahali, akaling'oa, kisha akafanya kama mama zetu wote wafanyavyo: akalizika ndani ya tuta liwe mbolea.

Léon wa maabara ya kiwanda alipita akacheka. "Mama, weye unatoa mukuba asubuhi, mangaribi unairudisha mu udongo."

"Na mbolea nitapata wapi, mu mufuko yako?"

"Mu mavi ya kuku za bamama. Miye nitakupimia majani tu."

Tangu hapo mama aliyabeba majani kichwani hadi shimo la taka za kiwanda. Majirani wakamtania juu ya ugali wake: "Mama Clémentine, leo tunakula bukari na maua?" Kila mwaka Léon alipima, kila mwaka mama aliuomba uongozi wa kambi mwaka mmoja zaidi.

Je, amesafisha Panda? Hapana. Kwa miaka kumi na minne amesafisha matuta manne. Lakini juma lililopita Léon, ambaye sasa ana mvi, alipima lengalenga la matuta hayo, akasema linafaa kuliwa. Mkuu wa Kambi ametia sahihi: shamba halifungwi, linabaki kwa binti wa Mama Clémentine, Élise. Mboga mlizokula mchana huu zimetoka huko.

Asanteni kwa kumvumilia mwalimu asiyejua kufupisha. Wenye mashamba kando ya kiwanda, leo, kabla jua halijazama, fukueni nyasi zenye mukuba mlizozika kwenye matuta, mzipeleke kwenye shimo la taka za kiwanda.