Mgongo Uliolia Usiku

Kako! Mlio ulitoka kiunoni mwa Mwanahalima usiku wa manane, alipoinuka kwenye kitanda cha kamba ili amnyonyeshe mwanawe. Ulikuwa mkavu, kama ukuni unaovunjwa gotini. Hakuthubutu kulia, maana nyuma ya ukuta alilala mama mkwe wake, na mume, Ashrafu, alikuwa huko kwenye delta ya mto akikata boriti za mikoko. Asubuhi alijitwika sinia lake la kashata, akampachika mtoto kiunoni, akajikongoja hadi kijiweni kwa Badru, fundi baiskeli wa pale Kibiti aliyeitwa Injinia. Kwenye benchi alikuwapo Mzee Husseini, yaani Bungeni, mwenye birika la kahawa, na Kheri, muuza mitumba, ambaye mji mzima ulimwita Kafa Ulaya. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila kitu kilipoanza kuuzwa na kila mtu alipoanza kujua kila kitu.

— Shemeji, mbona watembea kama kaa? Injinia akauliza.

— Mgongo, shemeji, usiku umelia kako, sijui nimevunjika, shangazi yangu wa Mtawanya alianza hivihivi akalala kitandani miaka miwili, na mimi nikilala huyu mtoto nani atamnyonyesha, na mama mkwe akijua atasema kaletewa mke mbovu, atanirudisha kwetu Bungu, jamani msimwambie!

— Hatusemi! wakaapa wote watatu, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara.

Bungeni akamimina kahawa, akapuliza, akatafakari.

— Mwanangu, usiku ulivaa nini?

— Sweta. La mitumba.

— Ndilo hilo! Mzungu kafa, mgongo wake umebaki kwenye sweta. Kikulacho ki nguoni mwako!

Kafa Ulaya akaruka kama aliyekalia msumari.

— Mzee, usiniharibie soko! Mimi suruali hii ni ya marehemu, naumwa nini?

— Akili.

— Sikiliza, dada, mimi nakwambia kweli. Ni haya magodoro ya sponji kutoka Dar. Yananyonya uboho.

— Sina godoro, kaka Kheri. Nalalia mkeka juu ya kamba.

— Jirani yako je?

— Jirani analo.

— Basi! Linakunyonya kupitia ukutani.

Mwanahalima alitamani kumpiga na sinia, ila kuinua mkono kulimuuma. Alikuwa amekuja kutafuta neno moja la kumtuliza, na hawa wanatafuna kashata zake na kumzidishia woga. Kila akiegemea mguu mmoja aliona kitanda cha shangazi.

— Nyote wajinga, Injinia akasema, akipangusa mikono yenye grisi. Mgongo ni mnyororo. Ukilia kako, umeruka jino. Dawa yake ni kunywa mafuta ya nazi kikombe, kisha alale hapa kifudifudi, nimkanyage mara moja tu, urudi mahali pake.

— Wahenga walishaonya, Bungeni akaongeza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa hiyo usitake vya mvunguni!

— Ukinikanyaga nitapona kweli, shemeji? Leo hii? Maana leo zamu ya maji ni yangu, na nisipoonekana kisimani mama mkwe atauliza.

— Leo hii!

Mwanahalima akaanza kuinamia benchi, machozi yakimlenga.

— Atakayemkanyaga, nitamkanyaga mimi.

Alikuwa Bi Mashavu, mkandaji wa viungo aliyehamia kutoka Ngarambe, yule aliyewakanda wazazi wote wa mtaa. Alisimama, akawatazama mmoja mmoja.

— Nyie mnaokula kashata zake kila siku, nambieni. Mtoto humbeba upande gani?

Bungeni aliangalia birika. Kafa Ulaya aliangalia suruali ya marehemu. Hata Mwanahalima hakujua, mpaka alipoinamisha macho: kushoto. Siku zote kushoto, kwa sababu mkono wa kulia hushika sinia.

— Geuzeni nyuso, barabarani huko!

Wakageuka. Bi Mashavu akamkalisha, wala hakugusa panapouma. Alibonyeza nyonga, akashuka pajani, akauzungusha mguu polepole kama anayembembeleza mtoto.

— Mguu unakufa ganzi? Una homa? Haja ndogo waizuia?

— Siyo ganzi, sina homa, naizuia.

— Siku ikiwa vingine, hospitali mbio, usinisubiri mimi. Hapa hapajavunjika kitu. Nyonga imechoka, mgongo unailipia. Mtoto mbadilishe upande. Ndoo ichuchumalie, usiiinamie. Na huo mkaja, arobaini iliisha lini? Bado umejikaza tumbo kama mzigo wa makuti!

Mwanahalima akalegeza kitambaa kile, akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu usiku. Maumivu yalikuwapo bado, ila kitanda cha shangazi kiliondoka machoni. Ndipo akashtuka.

— Bibi, nani alikwambia naumwa?

Bi Mashavu akainama sikioni, lakini mnong'ono wake ulikuwa wa mtu mwenye masikio mazito.

— Mama mkweo. Alisikia mlio ukutani, kapambazukia kwangu. Naye ujanani mgongo ulimlia hivyohivyo, akauficha asirudishwe kwao. Kisimani keshakwenda yeye. Ila alinikataza kukwambia.

Mwanahalima akamhamishia mtoto kulia. Alihisi ugeni, kama nyumba iliyobadilishwa mlango.

— Simwambii kuwa najua.

— Wala sisi, wakadakia watatu, nyuso bado barabarani. Hatumwambii mtu mwingine!