Mama Yenu Aende Alhamisi

Sogeeni karibu wanangu, Josephat na Mhoja, na wewe mama Josephat kaa hapa kitandani nikushike mkono, maana leo sauti ninayo na furaha ninayo, na sijui kesho nitabakiwa na ipi.

Nyumba hii ya Kirumba ni ya mama yenu mpaka siku mtakayomzika, asije mtu akamwambia apishe. Kiwanja cha Butimba ni cha Josephat, ng'ombe walioko kwa mjomba wenu ni wa Mhoja. Hayo yameisha, msinirudishe nyuma, kwa sababu sikuwaitia hayo.

Juzi Mayala alikuja kunitazama. Mnamjua rafiki yangu, miaka yote hii anashikwa mkono hata kwenda chooni. Alikuja peke yake! Akasimama hapo mlangoni akaniambia nimekonda, halafu akanicheka kwamba shati nimelifunga vifungo upande. Wanangu, nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Wamemtoa mtoto wa jicho hospitali ya serikali, wala hawakumtoza kitu. Mimi tangu walipoleta habari za kuchangia matibabu nilidhani kila anayeingia pale lazima atoe hela, kumbe mzee aliyetimiza miaka sitini na hana uwezo anatibiwa bure, ilimradi mwenyekiti wa mtaa amshuhudie. Na mama yenu ugonjwa wake ni huo huo wa Mayala. Ataona, jamani! Ataona!

Josephat, wewe mwalimu unasema tusubiri bima ya afya wanayowatengenezea watumishi wa serikali. Sawa, ikija uliza vizuri kama wazazi wanaingia, na kama wanaingia mama yako awe wa kwanza kuandikwa. Lakini haijaja, na yeye sasa hivi ananijua kwa sauti tu.

Na wewe Mhoja, mwenyekiti alipokuja hapa kumwona mama yako ulimfukuza, ukasema mama wa mtu mwenye duka la mitumba Mabatini hawezi kuitwa asiyejiweza. Niliumia sana. Duka ni lako, baba, na una watoto wa kusomesha. Yeye hana duka. Umelinda jina lako, macho yake yakazidi kufunga. Kesho asubuhi nenda kwa mwenyekiti, umwombe radhi.

Daktari wa macho anakuja hospitali Alhamisi, halafu mpaka sijui lini. Mwili wangu naujua. Huenda siku hiyo mtakuwa matangani, na shangazi yenu Dorcas atasema mjane hatoki ndani mpaka matanga yaanuliwe. Mwambieni mbele ya watu wote kwamba mimi mwenyewe, marehemu, nimemruhusu mama yenu. Aende na kanga yake ya msiba, alie njiani akitaka, lakini aende.

Nipeni maji kidogo... Basi, yatosha. Mungu awape pumzi ndefu, watoto wenu wawatunze, msile peke yenu mkashiba. Msigombane... nimechoka sasa.

Mhoja, wewe ndiye utakayempeleka. Pale dirishani hospitali, wanapoandikisha wagonjwa, watakuuliza. Sema hapa, nisikie. Sema, mama yangu hana uwezo.

Usilie. Sema.

Kwa sauti, baba... pale dirishani pana kelele.

Eeh. Hivyo hivyo. Mama Josephat, umemsikia? Amesema...