Tusibadilishe Kitaliano

Uvumi kwamba mama mmoja wa mtaa wetu wa Sharpstown, huku ughaibuni, aliitiwa mkalimani ili aongee na mwanawe haunitoki kichwani. Wangu ana miaka tisa, na hunijibu "okay" tu.

Jana kwenye basi, mama Mkongo alimweleza jirani yake Mkenya kuwa kila Jumamosi yeye na binti yake Christelle hutazama tamthilia ya mpelelezi wa Kitaliano.

"Mama Christelle, si uweke ya Kiingereza tu?" Mkenya akacheka. "Ama unatafuta bwana Mwitaliano?"

"Nikiweka Kiingereza anaelewa peke yake, ananyamaza. Kitaliano sisi wote hatukijui. Basi anasoma maandishi ya Kiingereza pale chini, ananielezea kwa Kiswahili, na chumvi anaongeza! Ni kama kaka yangu kule Uvira. Alitutafsiriaga filamu, mtaa mzima tunacheka."

"Zimebaki sehemu ngapi?"

"Mbili. Halafu anaenda chuo, kule mji wa Richardson."

"Na zikiisha?"

Basi likasimama, wakashuka. Kituo changu kilikuwa kimeshapita.

Akina mama, tuepuke haya:

Kuweka Kiingereza ili mtoto asisumbuke.

Kumjibu kwa Kiingereza chetu cha kuombea maji.

Kumcheka akikosea Kiswahili.

Kungoja akue kwanza.